Wakili wa Karibu na Shamba

Kwa miaka mitatu jirani yetu wa Mji wa Kale, Mombasa, alimtumia pesa wakili wa Mumbai kwa ajili ya shamba lililoko Kutch, katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Shamba lilikuwa la babu yake, aliyepanda jahazi bandari ya Mandvi akaja kutafuta riziki upande huu wa bahari, akalea watoto huku na kuzikwa huku. Kila baada ya miezi michache wakili aliandika kwamba mambo yanakwenda. Mzee akachoka. Akaniambia, "Mwanangu, macho yangu hayasomi tena vizuri, na huko kuna karatasi nyingi. Twende wote." Tukaenda.

Wakili tuliyempata Bhuj, mji wa huko huko Kutch, ni mtu wa makamo mwenye chumba kisichotosha viti vitatu. Alimsalimu mzee kwa Kikutchi, akamwagizia chai, kisha akauliza mambo matatu tu: kijiji gani, taluka (yaani tarafa) gani, shamba namba ngapi. Akamtuma karani wake. Kabla ya adhuhuri karatasi ilikuwa mezani, na mzee, aliyejifunza herufi za Kigujarati kwa mama yake, akaisogeza karibu na uso akasoma jina moja moja kwa kidole. Jina la babu halikuwamo. Mahali pake palikuwa na majina ya watu watatu, wajukuu wa ndugu yake babu, waliobaki kijijini. Karatasi hiyo wakili wa Mumbai hakuwahi kuitaja katika barua zake zote.

Tangu siku hiyo nina rai moja kuhusu msaada wa kisheria nchini India, na kila nilichokiona baadaye kimeizidishia nguvu. Msaada unaofaa kule ni ule ulio karibu na jambo lenyewe: karibu na shamba, na kiwanda, na nyumba yenye ugomvi. Mwingi wake ni wa bure kwa mujibu wa sheria, na walio wengi wenye haki nao hawajui kama upo.

Si rahisi kuupata kwa kubahatisha. India ina mawakili zaidi ya milioni moja, na kesi zinazosubiri kwenye mahakama zake zimepita milioni 50. Tena wakili wa kule haruhusiwi kujitangaza. Kanuni za Baraza la Mawakili la India zinamkataza kutafuta wateja kwa matangazo. Tangu 2008 ameruhusiwa kuweka kwenye tovuti jina lake, anwani, namba yake ya uandikishaji, elimu yake na aina ya kesi anazoshughulikia, basi. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Madras ililiagiza baraza hilo liwachukulie hatua mawakili wanaojiuza kwenye majukwaa ya mtandaoni. Kwa hiyo mgeni anayetafuta wakili kwa kuangalia nani anang'aa zaidi kwenye simu anatafuta mahali ambapo wakili mwenye heshima na kazi yake hapaswi kuwapo. Kule wakili hujulikana kwa watu kuambizana, na watu wanaoambizana ni wale wa mji mmoja.

Sisi wenye Kiswahili, maneno ya ua wa mahakama ya India hayatupigi chenga sana. Wakili kwao ni vakil, na hati ya kumkabidhi kesi ni vakalatnama. Siku ya kesi ni tarikh, ndiyo tarehe yetu. Talaka, wasia na wakfu wanavyo kama tulivyo navyo. Daftari linaloandikwa mabadiliko ya haki za mashamba katika jimbo la Gujarat linaitwa hak patrak, na hak yake ni haki yetu hii hii; kuingizwa kwa warithi humo huitwa varsai. Hata sheria zenyewe zilivuka bahari. Kenya ilitumia Sheria ya Uhamishaji Mali ya India ya 1882 hadi ilipotunga yake ya ardhi mwaka 2012, na sheria ya mikataba ya Tanzania ina mizizi katika ile ya India ya 1872. Katika karne ya 19, rufaa kutoka mahakama ya ubalozi wa Uingereza pale Zanzibar zilipelekwa Bombay. Ndiyo maana huwa nashangaa tunapoiona sheria ya India kama msitu usiopitika, ilhali nusu ya miti yake tumeipanda nyumbani.

Lakini ardhi ina siri yake, na siri hiyo ni ya jimbo, mara nyingine ya wilaya. Katiba ya India imeliachia kila jimbo mambo ya ardhi. Karatasi ya shamba ambayo Gujarat na Maharashtra huitwa "saba kwa kumi na mbili", kwa kufuata namba za fomu zake, Punjab huitwa jamabandi, Uttar Pradesh khatauni, Tamil Nadu patta. Kila moja ina lugha yake, herufi zake na ofisi yake. Wakili aliyeandikishwa jimbo lolote anaruhusiwa kufanya kazi India nzima, kwa hiyo yule wa Mumbai hakuvunja sheria. Alikuwa tu zaidi ya kilomita 800 kutoka kwenye daftari, katika jimbo jingine, na daftari lile lina mwenyewe.

Mwenyewe huyo ni talati, karani wa serikali anayetunza kumbukumbu za ardhi za kijiji. Mtu akifa, warithi huenda kwake kuandikisha pedhinamu, yaani mti wa ukoo, mbele ya mashahidi wanaoijua familia. Tulipopata nakala ya pedhinamu ya ukoo wa mzee wetu ndipo tulipoelewa. Babu yake alikuwamo, na chini ya jina lake palikuwa patupu. Aliandikwa kama mtu aliyekufa bila mtoto. Tawi zima la Afrika, watoto saba, wajukuu nisioweza kuwahesabu, wenye maduka Mombasa na Lamu, halikuwapo duniani. Mzee aliikunja karatasi ile mara nne akaitia mfukoni, na hakusema neno hadi magharibi.

Hapo ndipo wakili wa karibu anapoanza kazi ambayo wa mbali haiwezi. Huyu wetu alijua kwamba jina kuwamo kwenye daftari la mapato si uthibitisho wa umiliki. Mahakama ya Juu ya India imelisema hilo mara nyingi. India huandikisha hati za mauziano na urithi, na umiliki wenyewe huthibitishwa kwa kuufuata mnyororo wa hati hizo nyuma, kwa kawaida miaka 30. Alijua ofisa gani hupelekewa pingamizi la maandishi ya varsai. Zaidi ya hayo, alijua kwamba kijiji cha pili kuna bibi wa miaka tisini na kitu aliyecheza utotoni na shangazi wa mzee kabla shangazi huyo hajapandishwa jahazi. Tukaenda kwa bibi yule. Alimshika mzee uso kwa mikono miwili, akamtajia majina ya ndugu wote wa baba yake, kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila kukosea hata mmoja. Ushahidi wake uliandikwa, akauwekea dole gumba. Mashahidi wa namna hiyo hawatangazwi popote, na wanapungua kila mwaka.

Kutch ina jeraha lake pia. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliua maelfu ya watu na kuangusha sehemu kubwa ya mji wa zamani wa Bhuj. Mji ulipojengwa upya mitaa ilipanuliwa na viwanja vikapimwa na kugawanywa upya, hivi kwamba mwenye karatasi ya nyumba ya kabla ya tetemeko leo ameshika ramani ya mji mwingine. Haya yote wakili wa Bhuj anayajua kama anavyoijua njia ya kwenda kwake.

Kuna mambo mawili ambayo kila mwenye mali kule akiwa anaishi huku hana budi kuyashika. Sheria ya ukomo ya 1963 inampa aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi, bila idhini na bila kupingwa, miaka 12 tu. Baada ya hapo mwenye mali anaweza kujikuta ameipoteza haki ya kuidai. Baina ya ndugu warithi jambo hilo ni gumu zaidi kulithibitisha, lakini asiwepo wa kulilalia. La pili ni hati ya uwakala. Wengi humwandikia binamu uwakala wa jumla na kudhani wamemaliza. Mwaka 2011, katika kesi ya Suraj Lamp, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba uuzaji wa ardhi kwa uwakala wa jumla hauhamishi umiliki, na majumba mengi yalikuwa yameuzwa hivyo. Mzee wetu alimpa mpwa wake uwakala wa jambo moja: kufuatilia kesi hii na kusaini karatasi zake. Aliusaini mbele ya ofisa wa ubalozi wa India pale Mombasa, na ulipofika Gujarat ukalipiwa ushuru wa stempu kabla ya miezi mitatu kwisha, kama sheria ya stempu inavyotaka.

Sasa niseme nilichokiona siku tuliyosubiri karani nje ya mahakama ya wilaya. Chini ya mwarobaini walikaa wapiga chapa na mashine zao, wauza stempu, mtu wa chai na vigilasi vyake. Upande wa pili palikuwa na mlango mmoja wenye kibao cha buluu, na benchi nje. Mama mmoja alifika na mtoto mgongoni, sari yake imefifia, akasimama mbali kidogo, akatazama kibao kama mtu anayeogopa kuulizwa. Msichana aliyekuwa ndani, mmoja wa wale wasaidizi wa kisheria wanaojitolea, alitoka akamkalisha, akamletea maji kwanza. Kisha akachukua fomu na kuanza kuandika anayoambiwa, kwamba mama yule amepigwa. Hakuna pesa iliyotolewa. Niliuliza baadaye nikaambiwa hiyo ndiyo ofisi ya Mamlaka ya Huduma za Kisheria ya Wilaya.

Ofisi kama hiyo ipo katika kila wilaya, na kamati yake ipo kwenye taluka. Imeundwa na Sheria ya Mamlaka za Huduma za Kisheria ya 1987, iliyoanza kazi tarehe 9 Novemba 1995. Kifungu cha 12 kinataja wanaostahili wakili wa bure: watu wa matabaka na makabila yaliyokandamizwa, walemavu, wafanyakazi wa viwandani, walio mahabusu, waliokumbwa na mafuriko, ukame au tetemeko, na wenye kipato chini ya kiwango cha jimbo. Humo wamo pia wanawake na watoto. Wanawake wote, msomaji wangu. Hawaulizwi wana kiasi gani benki. Na kifungu kile kimesema kila mtu. Hakikusema kila raia. Dada yetu aliyeolewa Hyderabad au anayesoma Pune, akipatwa na kesi, anao mlango huo. Simu yake ni 15100.

Najua wanaoubeza msaada huo. Wanasema mawakili wa orodha ile hulipwa kidogo, na baadhi yao huingia mahakamani bila kulisoma faili. Ni kweli kwa baadhi yao, na mteja anaweza kuomba abadilishiwe. Lakini wakili wa bure aliye hatua mia moja kutoka kwenye mahakama, anayemjua karani wa masijala kwa jina, kwangu humshinda mara nyingi bingwa wa ghali asiyepatikana kwenye simu. Kwa mama yule wa benchi hakukuwa na wa kumfananisha naye hata kidogo. Kilichokuwapo ni mlango ule au kurudi kwa aliyempiga.

Katika mambo ya familia, tena, wakili mara nyingi si mtu wa kwanza wa kumwendea. Sheria ya ukatili wa nyumbani ya 2005 imemweka ofisa wa ulinzi wilayani ambaye kazi yake ni kuiandika taarifa ya mwanamke na kumfikishia hakimu. Sheria hiyo inampa mke haki ya kubaki katika nyumba aliyoishi na mumewe hata kama jina lake halimo kwenye hati yoyote. Mahakama za familia, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1984, hazimpi mtu haki ya moja kwa moja ya kuwakilishwa na wakili. Hakimu huruhusu akiona inafaa, na kabla ya hapo ana wajibu wa kujaribu kuwapatanisha. Kuhusu matunzo, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2020 katika kesi ya Rajnesh na Neha, pande zote mbili hutakiwa kula kiapo cha mali na kipato chao, na hilo limewabana waume waliokuwa wakija mahakamani wakiwa maskini kwa siku moja. Wazazi waliotupwa na watoto nao wana baraza lao kwa sheria ya 2007.

Mahali ambapo wakili anahitajika hasa, na awe anayeijua jamii husika, ni kwenye ndoa na mirathi, kwa sababu Mhindu, Mwislamu, Mkristo na Mparsi kila mmoja ana sheria yake, Goa ina ya kwake kwa wote, na Uttarakhand imeanza ya kwake mwaka 2025. Binti wa Kihindu, kwa mfano, ana fungu sawa na kaka zake katika mali ya ukoo tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba analo hata kama baba alikuwa amekwisha kufa marekebisho yalipoingia. Bado kuna mabinti wanaosainishwa karatasi za kuliachia fungu hilo siku za arusi na za matanga, kwa jina la mapenzi ya ndugu. Hilo linaniudhi kuliko yote niliyoyaona, kwa kuwa anayesainishwa huwa hajui kwamba alikuwa na kitu cha kuachia.

Kwenye kazi mlango ni mwingine tena. Mgogoro wa mfanyakazi na mwajiri huanzia kwa ofisa wa kazi wa serikali, mbele ya msuluhishi, na hapo mawakili hawaingii. Hata mbele ya baraza la kuamua migogoro ya kazi huingia kwa ridhaa ya upande wa pili na idhini ya baraza lenyewe. Anayemsemea mfanyakazi ni kiongozi wa chama. Kanuni hiyo inatoka kwenye sheria ya 1947, na sheria nne mpya za kazi zilizoanza kutumika Novemba 2025, ambazo zimekusanya sheria 29 za zamani, hazikuiondoa. Kwa hiyo kibarua kutoka Bihar au Odisha aliyenyimwa ujira kwenye kiwanda cha Gujarat, asiyejua Kigujarati, anahitaji chama kilicho langoni mwa kiwanda kabla hajahitaji wakili. Na wasio na kiwanda? Ahmedabad ilijibu swali hilo mwaka 1972, Ela Bhatt alipoanzisha chama cha SEWA kwa ajili ya wanawake wachuuzi wa mboga, wabeba mizigo vichwani na washonaji wa majumbani, watu ambao waliambiwa hawawezi kuwa na chama kwa sababu hawana mwajiri. Walikipata. Leo kina wanachama zaidi ya milioni moja.

Ukishampata wakili, mjue. Muulize namba yake ya uandikishaji, baraza la mawakili la jimbo litakuthibitishia. Ada ikubaliwe kwa maandishi na kila malipo yawe na risiti. Anayekuahidi kwamba atalipwa fungu la mali ukishinda anavunja kanuni za kazi yake, mkimbie. Soma vakalatnama kabla ya kusaini. Na kesi ikishafunguliwa dai namba yake ya CNR, herufi na tarakimu 16. Kwa namba hiyo, mtu aliye Tanga au Toronto anaweza kuingia kwenye mfumo wa mahakama za India bila malipo akaona tarikh ijayo ni lini na hakimu aliandika nini mara ya mwisho. Mzee wetu angekuwa nayo mapema angeliona kwamba, miaka yote mitatu, kesi yake haikuwahi kufunguliwa.

Ilifunguliwa na wakili wa Bhuj. Binamu walikuja juu mwanzoni, kisha ushahidi wa bibi yule ukawatuliza, maana walimheshimu. Wakakubali kwenda Lok Adalat, baraza la maridhiano ambalo la kwanza kabisa lilifanyika Gujarat hiyo hiyo, Junagadh, Machi 1982. Makubaliano ya hapo yana nguvu ya hukumu na hayana rufaa, kwa hiyo wakili alimsomea mzee kila mstari mara mbili, kwa Kikutchi, kabla hajasaini. Ada ya mahakama ikarudishwa, kama sheria inavyotaka. Notisi ya siku 30 ikatolewa, hakuna aliyepinga, na jina lake likaingizwa kwenye hak patrak. Fungu lake ni dogo. Amewaachia binamu walime, kwa mkataba.

Yule bibi alifariki miezi minne baada ya kuuwekea ushahidi wake dole gumba. Kama nyumbani kwenu yuko mzee anayekumbuka kijiji, muulize leo jina la kijiji hicho, taluka yake, namba ya shamba na majina ya ndugu waliobaki, uyaandike mbele yake, asome, asaini.